Tuliokoa ukumbi wa sinema wa zamani, ila tulianzia pasipofaa

Kuna kijana kanipigia juzi. Yeye na wenzake wamepewa funguo za ukumbi wa zamani wa sinema uliofungwa miaka mingi, wanataka kuufufua, akaniuliza swali moja tu, "Kaka, tuanze na nini?" Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie, maana hilo swali sisi hatukumuuliza mtu yeyote na likatupotezea karibu miaka 3 na hela ambazo mpaka leo nikizikumbuka silali vizuri. Kwa hiyo haya ni ya kwake, na ni ya yeyote mwenye jengo la namna hiyo mikononi.

Jibu fupi ni hili: pandeni juu ya dari kwanza. Kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla hata ya kupiga picha za kuchangishia. Jibu refu ndo hili linalofuata.

Sisi tulikuwa watu 11. Hakuna hata mmoja msanifu majengo, mimi mwenyewe ni mhasibu, nikapewa ukatibu na daftari la hela. Kilichotukutanisha ni kwamba wote tuliwahi kukaa mle ndani tukiwa watoto, kila mtu ana kiti chake anachokikumbuka. Siku ya kwanza mlango mkubwa ulikataa kufunguka tukapitia mlango mdogo wa nyuma ya jukwaa. Giza totoro, halafu ile harufu, mbao zilizoloa zikakauka zikaloa tena, vumbi, na kinyesi cha njiwa. Mwenzetu mmoja akawasha tochi akaielekeza juu na wote tukanyamaza. Dari nzima ilikuwa maua ya plasta, duara ndani ya duara, mistari ya dhahabu iliyofifia, na katikati tundu ambapo zamani ilining'inia taa kubwa. Nilitokwa na machozi pale pale, wala sioni aibu kulisema.

Watu wengi hudhani mapambo kama yale ni mbwembwe za mwenye hela. Hapana. Onyesho la sinema linalotajwa na wengi kuwa la kwanza kwa watu waliolipa kiingilio lilikuwa Paris tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Lumière walitumia chumba cha chini cha mkahawa, na kwa miaka mingi baada ya hapo sinema ilikuwa burudani ya mahemani, ya maduka yaliyogeuzwa na ya kumbi za maigizo zilizokodiwa usiku mmoja mmoja. Wenye biashara walitaka na familia zinazojiheshimu ziingie, ndo wakaanza kujenga makasri. Wasanifu majengo ndo waliotamba, Thomas Lamb alijenga New York, Rapp na Rapp wakajenga Chicago, John Eberson kule Houston mwaka 1923 akaifanya dari iwe anga la usiku kabisa, nyota za balbu ndogo na mawingu yanayopita kwa mashine. Roxy ya New York ilifunguliwa 1927 ikiwa na viti karibu 5,900. Ikavunjwa 1960. Jengo la namna ile lilidumu miaka 33 tu! Kwa upande wa Afrika, Cinema Impero ya Asmara, Eritrea, iliyojengwa 1937 bado imesimama na mji wenyewe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017, na Majestic ya Zanzibar ni jengo lililosimamishwa upya mwaka 1955 baada ya lile la kwanza kuungua. Nayataja haya kwa sababu ukijua kitu kiliwekwa kwa nini, utajua ukiondoe au ukiache. Sisi hatukujua, tukawa tunaondoa.

Basi tukakaa kikao. Hoja iliyoshinda ni kwamba watu huchangia kile wanachokiona, kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye uso wa jengo, taa za neoni na viti, tufungue haraka, halafu viingilio vituletee hela ya mengine. Ukiisikiliza ni hoja nzuri kabisa, hata mimi niliinyoshea mkono. Fundi akaja akabandua plasta ya mbele iliyokuwa inamomonyoka, akapiga mpya ya saruji, ngumu kama jiwe, juu yake rangi ya plastiki inayong'aa. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanasimama barabarani kupiga picha. Msimu mmoja wa mvua haujaisha, ukuta ukaota malengelenge, ukiligusa moja linapasuka na ndani unakuta unga mweupe wa chumvi.

Kumbe ukuta wa zamani wa matofali na chokaa unapumua. Maji yanaingia kidogo, jua likiwaka yanatoka, ndo maisha yake. Ukishaufunika kwa saruji na rangi ya plastiki umeufunga pumzi, maji yakiingia kwa juu au kwa chini hayana pa kutokea, yanabaki mle yanakula matofali taratibu. Kuibandua ile saruji kulikula hela nyingi kuliko kuiweka, kwa sababu ilishika matofali ikawa inatoka na nyuso zake. Kama jengo lenu ni la chokaa, rudishieni chokaa. Chukueni kipande cha plasta ya zamani kikubwa kama kiganja, mpelekeeni mtu anayejua akichunguze mchanganyiko wake, ni kazi ya siku chache na hela ndogo. Na fundi akiwaambia saruji ni imara zaidi, ni kweli ni imara, na tatizo lenyewe ndo hilo.

Sasa nije kwenye dari.

Asubuhi moja mlinzi akanipigia, "Katibu, njoo uone kitu." Nikakuta kwenye mstari wa saba, juu ya kiti kipya kabisa, ua la plasta lenye upana wa sahani. Lilikuwa limepasua kiti katikati. Siku mbili kabla tulikuwa na onyesho la majaribio na watoto wa shule walijaa mle ndani, mstari wa saba ulikuwa umejaa. Nilikaa chini kwenye ngazi sikuweza kuongea. Mpaka leo kuna usiku naiota ile sahani.

Tukamtafuta mtaalamu wa dari za zamani, tukampata mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Tukamwonyesha kwa chini lile tundu lilipodondoka ua, tukamwekea na taa, hata hakulitazama vizuri. Akasema, "Mnanionyesha uso, mimi nataka kuona mgongo. Ngazi ya kupandia juu iko wapi?" Katika watu wote 11 hakuna aliyejua. Mwaka mzima na miezi mitano tuna jengo na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kuna nini juu ya ile dari.

Ngazi tulikuja kuiona nyuma ya chumba cha projekta, imefichwa na kabati. Tukapanda watu watatu. Mama akatuambia, "Kanyageni boriti tu, wanangu, ukikanyaga plasta unashuka nayo." Kule juu joto, mwanga unaingia kwa vitobo vya mabati kama sindano, na chini yako ile dari nzuri sasa unaiona kinyume, mabonde na vilima vya plasta chafu isiyo na umbo. Akanielekeza. Dari za namna hii hazipigiliwi misumari. Ni vipande vyembamba vilivyomiminwa kwenye kalibu, plasta juu ya kitambaa cha gunia na fito za mbao, ufundi ambao Mfaransa mmoja, Desachy, aliupatia hataza Uingereza mwaka 1856 na kumbi nyingi za dunia zikaufuata kwa sababu ni mwepesi na unachukua umbo lolote. Kila kipande kinaning'inizwa kwenye boriti kwa mafundo ya gunia lililochovywa kwenye plasta. Basi, ni gunia tu. Tani nzima za mapambo zinaning'inia kwa gunia.

Akashika fundo moja kwa vidole viwili akalivuta polepole kama unavyotoa uzi kwenye nguo, likabaki mkononi mwake, ndani likawa unga wa kahawia. Nikamuuliza lile lilikuwa limebeba kipande gani. Akanijibu, "Hili lilikuwa halibebi kitu tena, mwanangu. Jirani zake ndo wanambebea." Akatoa chaki akaanza kuweka alama. Kwenye eneo la kama chumba kimoja cha kulala alihesabu mafundo 40, akaweka mkato kwenye 13.

Ndo alipotusimulia habari ya Apollo ya London. Ukumbi uliojengwa 1901, tarehe 19 Desemba 2013 onyesho linaendelea na watu wamejaa, kipande cha dari kikawaangukia, watu zaidi ya 70 wakaumia. Uchunguzi ukaonyesha ni mafundo yale yale, gunia limechoka kwa umri na maji yaliyowahi kupenya. Uso wa dari kwa chini ulikuwa unapendeza tu. Baada ya hapo Uingereza wakaweka mwongozo kwamba dari za aina hii zikaguliwe na wataalamu mara kwa mara, tena kutokea juu. Kwa hiyo kama mna dari ya plasta yenye mapambo, msikubali mtu awaambie iko sawa baada ya kuitazama akiwa amesimama kwenye viti.

Tukafunga miezi 14. Kuwaambia waliotuchangia ndo ilikuwa siku ngumu kuliko zote. Walikuwa wamekuja kuona neoni zinawaka, mimi nikasimama mbele yao nikasema hela yenu tuliipaka ukutani, ukuta umeikataa, na sasa tunahitaji zaidi ya ile kwa kitu ambacho hamtakiona kamwe. Wengine waliondoka hawakurudi tena, na siwalaumu. Lakini kuna jambo nililijifunza pale. Wiki iliyofuata tuliwapandisha juu wachache wachache, kila mtu na kofia ngumu, wakaona zile alama za chaki kwa macho yao, na hao waliopanda karibu wote walichangia tena. Ule msemo wetu kwamba watu huchangia wanachokiona ulikuwa sahihi, sisi ndo tulishindwa kuwaonyesha.

Matengenezo yenyewe hayakuhitaji kubomoa hata ua moja. Mafundo mapya ya waya usioshika kutu na plasta yaliongezwa pembeni ya yale ya zamani, moja moja, mamia kwa mamia, mafundi wakiwa wamelala kifudifudi juu ya mbao. Ila ukisoma daftari langu, paa na dari vilikula mara tatu ya uso wa jengo, viti na neoni vikijumlishwa pamoja. Tulikuwa tumetenga sehemu ya kumi ya bajeti kwa ajili ya dharura. Kwa jengo lililokaa limefungwa miaka mingi ningetenga theluthi, na bado ningekuwa na wasiwasi. Kings Theatre ya Brooklyn ilifunguliwa 1929, ikafungwa 1977, ilipofunguliwa tena 2015 ilikuwa imemeza karibu dola milioni 95. Yenu haitafika huko, lakini ichukulieni kama onyo la jinsi miaka ya kufungwa inavyogeuka kuwa deni.

Na chanzo cha yale mafundo kuoza unajua kilikuwa nini? Kumbi nyingi za zamani mbele zina ukuta unaopanda juu kuliko paa, ndo unaofanya jengo liwe na ule uso mrefu wa fahari, na nyuma ya ukuta huo kuna gata, yaani mfereji wa maji ya paa, imejificha huwezi kuiona ukiwa chini. Yetu ilikuwa imejaa manyoya, majani, mti mdogo umeshaota mizizi, na kwenye tundu la bomba la kushushia maji kulikuwa na mpira wa tenisi umeoza nusu. Mtoto fulani aliurusha miaka hiyo, ukakaa pale pale tunduni, maji yakakosa njia yakaanza kuingia ndani. Nimeuhifadhi ule mpira, uko kwenye droo yangu. Ukaguzi wa gata hauhitaji injinia, unahitaji ngazi, glovu na mtu asiyeogopa urefu, mara mbili kwa mwaka, basi.

Kosa jingine linaloniuma ni kumpuuza mtu. Kuna mzee alikuwa anakuja kusimama ng'ambo ya barabara karibu kila jioni akituangalia tunavyotoa taka. Tukimsalimia anaitikia, tunaendelea na shughuli. Mwaka mzima! Siku moja tukawa tumetoa makopo ya filamu kutoka chumba cha projekta, makopo ya bati kama 30, tukayafungua tukayapanga juani yapigwe picha. Yule mzee akavuka barabara mbio mbio, sijui umri ule alitoa wapi nguvu, "Zirudisheni kivulini! Zirudisheni haraka!" Ndo tukajua kwamba aliendesha zile projekta miaka 31.

Filamu za zamani kabisa ni za naitreti, aina ya plastiki ya zamani. Zinawaka kwa urahisi wa ajabu, na zikishawaka hazizimiki maana zinajitengenezea oksijeni zenyewe, zinaungua hata zikizamishwa majini. Ziliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndo maana chumba cha projekta kwenye kumbi za zamani kina kuta nene, mlango wa chuma, na vidirisha vyenye vifuniko vya chuma vinavyojiangukia vyenyewe moto ukitokea, hayo yote ni kwa ajili ya kuwakinga waliokaa chini. Zilizofuata ni za asetati, plastiki ya aina nyingine, hizo hazilipuki lakini zikioza zinatoa harufu kali ya siki, na moja ikianza inaambukiza jirani zake kwenye kabati. Mzee alichukua kopo akanusa tu, akasema siki, akashusha pumzi. Halafu akainua ukingo wa filamu kwenye mwanga akatusomesha maandishi madogo ya pembeni yanayosema ni ya aina salama. Tulibahatika. Nyie msitegemee bahati, mkikuta makopo msiyafungue ndani, msiyaweke juani, na kama ndani kuna kitu kinachonata kama asali au kimegeuka vumbi la kahawia, ondokeni hapo mwite zimamoto na watu wa nyaraka.

Tangu siku hiyo mzee akawa mwenzetu wa 12. Alijua swichi kuu ilipo, bomba gani limekufa, mlango gani ulizibwa na kwa nini. Mambo ambayo tulimlipa mtu atuchoree tena kwa kubahatisha, yeye alikuwa nayo kichwani. Alituonyesha kwa nini projekta zilikuwa mbili, kwamba reli moja kubwa, yaani gurudumu la filamu, ilichukua kama dakika 20, ikikaribia mwisho unaona alama ndogo kwenye kona ya skrini, ya kwanza unawasha mota ya projekta ya pili, alama ya pili unabadilisha, na mtazamaji asijue kitu. "Siku niliyokosea," alituambia, "ukumbi mzima uligeuka ukaniangalia." Rekodini wazee wenu. Simu ziko mifukoni, hamna sababu ya kuchelewa, wawili tuliopanga kuwarekodi walitangulia kabla hatujawafikia.

Jambo ambalo hata mzee hakulijua ni asbesto, yale madini ya nyuzi yanayozuia moto lakini vumbi lake ukilivuta linaharibu mapafu. Kuta za chumba cha projekta zilikuwa na bodi za kijivu tukadhani ni sementi, kijana wetu mmoja akapiga nyundo akavunja mbili bila hata barakoa. Zilipopimwa ndo ikajulikana. Kwenye kumbi za zamani asbesto iko kwenye kuta hizo, kwenye mapazia ya kuzuia moto jukwaani, kwenye mabomba. Msitoboe, msikate, msipige nyundo kitu chochote cha kijivu kabla hakijapimwa. Huyo kijana mpaka leo tunamfuatilia afya yake na mimi ndo nilimwambia avunje.

Milango ya dharura sitaielezea sana. Tuliikuta ina minyororo, na miwili ilikuwa inafungukia ndani. Ukumbi wa maigizo wa Iroquois wa Chicago uliungua tarehe 30 Desemba 1903 haujamaliza hata wiki 6 tangu ufunguliwe, watu 602 walikufa, wengi kwenye milango iliyofungwa au waliyoshindwa kuifungua. Kwenye ukumbi wa sinema wa Paisley huko Scotland, tarehe 31 Desemba 1929, hata moto wenyewe haukuwepo, moshi tu wa kopo la filamu, watoto 71 wakafia kwenye msongamano kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umezuiwa. Geuzeni milango ifungukie nje wiki ya kwanza. Hilo halisubiri bajeti.

Lakini kuna mazuri pia jamani, na hili ndo nalipenda kuliko yote. Skrini yetu ilikuwa imechanika, pana sana, ukuta hadi ukuta. Mzee akatuambia hiyo haikuwa skrini ya mwanzo. Mwaka 1953 zilipoingia filamu za picha pana, kumbi nyingi duniani zilifunga skrini kubwa mbele ya jukwaa la zamani, nyingine zikakata mapambo ili skrini ienee, nyingine zikayafunika tu. Tulipoishusha ile skrini, nyuma yake kulikuwa na upinde mzima wa jukwaa, mzima kabisa, umepakwa rangi ya krimu chafu. Mpango wetu ulikuwa kuupiga nyeupe. Tayari ndoo zilikuwa zimenunuliwa.

Msichana mmoja anayesomea uhifadhi akaomba apewe siku mbili. Akachagua mahali pamoja pasipoonekana, akachora mraba mdogo kama simu, akaanza kukwangua kwa kisu chembamba, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka akiliachia ukanda mwembamba lionekane. Krimu. Chini yake kahawia. Chini yake krimu nyingine, halafu pinki iliyopauka, halafu kijivu. Tabaka la sita lilikuwa kijani cha bahari, na juu yake mstari wa dhahabu bado unang'aa, umekaa gizani miaka yote hiyo. Mraba wa simu tu, na watu wazima wamesimama wanausogelea kwa zamu bila kuongea. Upinde tuliurudishia hiyo kijani, na ule mraba tuliuacha kama ulivyo, uende ukauone. Kabla ya kupaka chochote kwangueni mraba mmoja, piga picha, andika namba ya kila tabaka.

Kwenye viti tulikosea kwa kutojua sauti inavyokwenda. Tuling'oa vya zamani vya sponji na kitambaa maana vilikuwa vimeliwa na panya, tukaweka vya plastiki kwa sababu ni rahisi kufuta. Siku ya majaribio maneno yakawa yanagongana, mtu akiongea jukwaani unasikia mwangwi kama yuko kisimani. Injinia wa sauti alivyokuja akacheka kwanza, halafu akatueleza kwamba kiti laini kinanyonya sauti karibu kama mtu aliyekaa, kwa hiyo ukumbi unasikika vile vile ukijaa au ukiwa nusu, na waliojenga walihesabu hilo. Sisi tuliondoa mamia ya vinyonya sauti tukaweka mamia ya vioo. Tukavitoa vyote. Fremu za chuma za zamani tulikuwa tumeshaziuza kama chakavu, tukazifuata kwa yule mnunuzi tukapata robo tu.

Hati nayo someni yote, mpaka ukurasa wa mwisho. Kampuni nyingi za sinema zilipokuwa zinauza kumbi zao ziliweka sharti kwamba jengo lisionyeshe tena filamu, ili lisishindane na kumbi zao nyingine. Sharti kama hilo lilikuwa kwenye yetu, tuliligundua mwaka wa pili, na kulifuta kulichukua mwanasheria na miezi 8. Na kama jengo limewekwa kwenye orodha ya urithi kuna vibali vya kila kitu, hata msumari, ila pia kuna misaada ambayo hupati bila hiyo orodha, kwa hiyo msiikimbie. Pia msidharau matumizi mengine. Makanisa yameokoa kumbi nyingi, ile Gaumont State ya Kilburn, London, iliyofunguliwa 1937, leo ni kanisa na mapambo yake yapo. Michigan Theatre ya Detroit ya mwaka 1926 yenyewe iligeuzwa maegesho, magari yanalala chini ya kile kilichobaki cha dari. Mimi nikiangalia ile picha naumia, lakini dari bado ipo juu, na kitu kilichopo kinaweza kurudishwa siku moja.

Moja la haraka kabla sijasahau, hatari ya moto ni kubwa zaidi wakati wa ukarabati. La Fenice, jumba la opera la Venice, iliungua tarehe 29 Januari 1996 ikiwa kwenye matengenezo, mahakama ikawatia hatiani mafundi umeme wawili kwa kuuwasha, na mfereji wa jirani ulikuwa umekaushwa kwa hiyo boti za zimamoto zikakwama. Ilifunguliwa tena mwisho wa 2003. Sisi tuliweka sheria kwamba mtu akichomelea, mwingine anakaa na kizimamoto saa nzima baada ya kazi kuisha. Mafundi walilalamika, tukakaza.

Usiku wa mvua kubwa ya kwanza baada ya paa kuisha hatukulala. Mimi, yule mama wa plasta na mzee wa projekta tulipanda juu ya dari, mzee tulimshika mikono miwili kwenye ngazi. Tukakaa kwenye boriti, tochi zimezimwa, tunasikiliza. Mvua inapiga mabati huwezi kusikia hata unachowaza. Kila baada ya muda mama anawasha tochi, anatambaa mpaka kwenye kona ya gata, anapitisha kiganja kwenye mbao, anarudi. Saa tisa usiku akanipa ule mkono niuguse. Ulikuwa na vumbi, umekauka. Nikatoa daftari nikaandika tarehe, na mbele yake neno moja, pakavu, halafu tukamsaidia mzee kushuka.